Wapasha Habari Wetu

Sehemu ya Saba

Kwa yule ambaye gazeti la Jumamosi iliyopita lilifungiwa maandazi kabla hajalisoma, nitarudia kidogo. Kidogo tu. Mhariri ameniambia wasomaji si watoto, na mimi nimechoka kubishana naye.

Naitwa Abdelkarim, mzaliwa wa Kambi Muru, Kibra. Mwaka 1953, tukiwa wanafunzi, mimi na wenzangu wawili tulianzisha chama chetu cha uchunguzi. Mabrouka, binti wa mjomba wangu, alikuwa karani. Thuo, rafiki yangu wa darasani, alitokea Kawangware, na baba yake, Nderitu, alikuwa amechukuliwa na askari mwezi wa Oktoba, hajulikani aliko.

Hakuna aliyetutuma na hakuna aliyetulipa. Tulizunguka kwa wazee tukiandika jinsi majasusi walivyonaswa wakati wa vita vya Mjerumani. Kibra tuliwauliza wazee wetu waliokuwa askari, na Kawangware tukawauliza waliobebeshwa mizigo ya vita hivyo. Tulitaka kijitabu cha kuthibitisha kwamba wazee hao waliilinda nchi hii, maana kila mwaka Wanubi walitishiwa kuhamishwa kutoka Kibra.

Yaliyotupata mmeyasoma wiki sita mfululizo. Chama kilipigwa marufuku shuleni. Taipureta tuliyoazima ilichukuliwa. Mimi nikafukuzwa masomo. Na Jumamosi iliyopita niliwaacha kwenye kizuizi cha askari, barabara ya Ngong, mwanzoni mwa mwaka 1954, pale walipolichomoa daftari letu kwenye mkoba wangu wakaondoka nalo.

Nilirudi nyumbani nikililia daftari. Sikujua kwamba nililia mapema mno.

Siku tano baadaye, asubuhi, Thuo alitokea uani kwetu. Mkikuyu kuingia Kibra bila pasi siku zile kulikuwa kujitafutia balaa. Alikuwa amekatiza mashamba ya Sarang'ombe, suruali imelowa umande hadi magotini. Hakunisalimia.

"Uliandika nini juu ya guka?"

Guka ndiye babu yake, Mzee Naftaly, mzee wa kanisa, mwenye shamba na kisima pale Kawangware.

"Niliandika alivyotuambia," nikasema. "Wewe si ulikuwepo?"

"Si hadithi yake, wewe. Pale juu ya jina lake. Uliandika nini?"

Sikumwelewa. Thuo akaketi kwenye jiwe la kufulia, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Iko homugadi mmoja, hawa askari wa kijiji, anajua kusoma. Alifungua daftari letu pale kituoni, akaambia bibi yake. Bibi yake akaenda soko. Abdelkarim, iko kichwa kimeandikwa kwa wino, herufi kubwa kubwa. WAPASHA HABARI WETU, KAWANGWARE. Na chini yake majina kumi na moja. La kwanza ni la guka."

Nikaketi chini palepale, kando yake.

Ninyi mliozaliwa juzi huenda hamjui neno hilo lilikuwa na uzito gani mwaka ule. Mpasha habari alikuwa mtu anayewataja wenzake kwa serikali. Ndiye aliyevalishwa gunia lenye matundu mawili ya macho, akaketishwa mbele ya foleni ya watu, kazi yake kutikisa kichwa tu. Akitikisa, mtu anapandishwa lori. Wakikuyu walimwita gakunia. Na wapiganaji wa msituni, maadui wa serikali hiyo, wakimjua ni nani, hawakuwa na habari ya kumpeleka mahakamani.

Sisi tulikuwa na maana nyingine kabisa. Mwalimu wetu wa historia alitufundisha kwamba mchunguzi lazima aandike jina la kila mtu aliyemsimulia jambo. Kiingereza kina neno lake la mtu huyo, nasi tukatafuta la Kiswahili. Mabrouka alitaka "msimulizi". Mimi nikasema msimulizi ni wa hadithi za sungura. Nilitaka neno lililovaa suti na tai.

"Mpasha habari," nikasema.

"Hilo neno linanuka, Abdelkarim," Mabrouka akaniambia.

Tukapiga kura. Thuo alinifuata mimi kwa ajili ya urafiki tu, wala hakufikiri. Kura mbili kwa moja, na mimi nikatembea siku nzima nimetanua kifua.

Hilo ndilo kosa langu. Nimelibeba miaka arobaini, na kila mwaka nadhani litakuwa jepesi.

"Wanamfanyaje sasa?" nikamuuliza Thuo.

"Toka Jumatano hakuna mtu anamsalimia. Wamama walikuwa wanachota maji kwa kisima yake, sasa wanapita hapo kwa mlango wanateremka mpaka mtoni. Na leo asubuhi amekuta kamba imefungwa kwa geti."

"Kamba ya nini?"

Thuo alinitazama kwa uchovu, kama mtu aliyeuzoea ujinga wangu.

"Kamba, Abdelkarim. Iko na kitanzi."

Nyanya yangu, Haboba Bakhita, alikuwa kibarazani akisuka tabaga, kile kifuniko cha sinia cha rangi rangi ambacho nyumba ya Kinubi haikosi. Alikuwa amesikia kila neno. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye daftari, ukurasa wa Kibra, chini ya kichwa kilekile. Majirani walikuwa wakimtania tangu tulipomwandika: "Mama Bakhita, mpasha habari wetu, leo kwa kina Fadul kumepikwa nini?" Naye alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Kwetu neno lile lilikuwa la kuchekea, na mwendo wa saa moja tu kwa miguu likawa la kunyongea mtu.

"Hilo neno lilikuwa la nani?" akauliza bila kuinua macho.

"Langu, haboba."

"Basi nenda ukalichukue."

"Nitalichukuaje?"

Aliingia ndani, akatoka na msahafu wa marehemu babu, umefungwa kitambaa cheupe.

"Waambie ukweli. Wakikataa, apa. Mnubi anaweza kudanganya kila kitu, hata umri wake, lakini hiki hapana. Hata wao huko wanajua."

Akarudi kwenye tabaga yake. Mimi na Thuo tukaondoka.

Niliona twende kwanza kituoni kwa wenye daftari. Thuo hakuthubutu kuingia. Alinisubiri nyuma ya maduka, na msahafu nikamwachia yeye, maana sikutaka askari aupekue.

Aliyenipokea alikuwa kachero aitwaye Gerishon. Nilitegemea mtu wa kofi. Nikakuta mtu mpole, koti limechakaa viwiko, macho mekundu ya kukosa usingizi. Daftari letu lilikuwa mezani mbele yake.

"Afande, hilo ni la wanafunzi," nikaanza, na maneno yakanitoka yote kwa mkupuo. "Hao wapasha habari ni wazee waliotusimulia vita vya Mjerumani. Ni neno tu. Nililichagua mimi. Nakuomba uwaambie watu."

"Najua," akasema Gerishon.

"Unajua?"

"Nimesoma yote. Kazi nzuri. Huyu mzee wenu wa Kibra, Fadul, ukurasa wa arobaini, amenichekesha sana."

Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Basi utawaambia Mzee Naftaly si mtu wenu."

"Hapana. Sitawaambia."

Akavuta kiti, akanionyesha nikae.

"Wewe unachunguza mambo haya, si ndiyo? Fikiri basi. Mimi nisimame sokoni niseme, jamani, huyu mzee si wangu, mwacheni. Nani ataniamini? Kachero akimtetea mtu mbele ya watu, huyo mtu amekwisha. Afadhali ninyamaze."

Alikuwa amesema kweli, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

"Sasa na mimi nikuulize," akasema, sauti ileile ya upole. "Kati ya hawa kumi na moja, mmoja ni wangu kweli. Nani alikuambia umwandike?"

"Hakuna! Tuliandika kila mzee aliyekubali kuongea."

"Pengine. Ama pengine kijana wa Kibra ana rafiki Kawangware, na rafiki ana marafiki msituni, na wote wanafanya uchunguzi. Mimi sijui. Ningejua, hungekuwa umeketi hapo."

Mtu akamwita mlangoni. Gerishon akainuka, akatoka nje, na daftari akaliacha wazi.

Sikutaka kutazama. Niliapa moyoni sitatazama, na nilikuwa bado naapa macho yalipofika kwenye ukurasa. Kichwa changu cha wino, majina kumi na moja, na kando ya jina moja nukta ya penseli nyekundu.

Jina la kwanza. Naftaly.

Nikakumbuka ukurasa wa arobaini. Mzee Fadul alikuwa ametusimulia hivi, nami nikayaandika kwa mkono wangu: "Ukimshuku mtu, weka karatasi wazi mezani, utoke. Ndani yake andika uongo. Kisha kaa kimya usikie uongo huo utatokea mdomo wa nani."

Ukurasa uleule uliomchekesha Gerishon.

Basi nukta ile ilikuwa kweli, au ilikuwa chambo? Ikiwa chambo, Mzee Naftaly hana hatia, na mimi nikimtupia jicho baya tu nitakuwa nimejitia kitanzi mwenyewe, maana Gerishon atajua uongo wake umepitia kwangu. Ikiwa kweli, nimebeba roho ya babu wa rafiki yangu kichwani mwangu. Mwaka mzima nilikuwa najisifu kuyachunguza mambo haya. Siku ile nilitamani ningekuwa naosha sufuria za mahamri kwa haboba.

Gerishon alirudi, akafunga daftari kwa kiganja.

"Nenda nyumbani, kijana."

Nyuma ya maduka Thuo alinirukia. "Amesema nini?"

"Amekataa kuwaambia watu."

"Hakusema kitu ingine?"

"Hakusema."

Ndiyo mara ya kwanza nilimdanganya Thuo. Aliniamini palepale, akanipa msahafu, akaniambia usijali, kesho tutawaambia sisi wenyewe kanisani. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mikutano ilikuwa imekatazwa, lakini kanisa halikukatazwa. Jumapili nilisimama nje ya ua wa kanisa lao, mimi Mwislamu na kofia yangu, nikisikiliza nyimbo nisizozijua. Ibada ilipokwisha walitoka kwa makundi. Mzee Naftaly akatoka mwisho, peke yake, kofia mkononi. Watu walikuwa wameacha nafasi kati yake na wao, kama watu wanaokwepa dimbwi la maji.

Thuo akapaza sauti kwa Kikuyu, akawaomba wanisikilize. Nilisema kwa Kiswahili, naye akawa anafasiri.

Niliwaambia yote. Chama chetu, vita vya Mjerumani, mwalimu, kura mbili kwa moja. Niliwaambia neno lilikuwa langu, nililitaka kwa majivuno, na Mzee Naftaly hakuwahi kuambiwa anaitwa hivyo. Niliwaambia hata haboba yangu mwenyewe nilimwandika mpasha habari.

Mzee mmoja akacheka. "Ati nyanya yake!" Wengine wakatabasamu kidogo. Mwanamke mmoja akamtazama Mzee Naftaly usoni, jambo ambalo hakuna aliyelifanya tangu Jumatano. Nikaanza kuona njia.

Ndipo Rahab akatoka mbele.

Sikumjua, Thuo akaninong'oneza ni nani. Alikuwa mke wa Kihara, seremala, aliyepandishwa lori mwezi wa Novemba. Alikuwa amebeba mtoto mgongoni na mwingine amemshika sketi.

"Wewe kijana unaongea vizuri," akasema kwa Kiswahili, wala hakungoja mfasiri. "Sasa nisikilize. Mimi nilikuwa kwa laini siku ile. Bwana yangu alisimama mbele ya gakunia, na gakunia akatikisa kichwa. Mara moja tu. Mpaka leo sijui Kihara yuko wapi, kama anakula, kama amekufa. Watu wanasema mwenye gunia ni huyu mzee. Wewe unasema ni neno ya shule."

"Ni neno la shule, mama."

"Hiyo ni nini umebeba?"

"Msahafu."

"Nyinyi Wanubi mnaapa na hiyo hamchezi. Haya. Apa. Apa hujui kitu yoyote mbaya juu ya huyu mzee, na kwamba hakutaja mtu. Ukiapa, kesho asubuhi mimi Rahab nitachota maji kwa kisima yake, kila mtu aone. Na ile kamba nitaifungua na mkono yangu."

Watu wakaitikia. Ilikuwa haki, na kila mtu pale alijua ni haki. Rahab akichota, wote wangechota, na mzee angeishi.

Jumamosi asubuhi ningeapa bila kupepesa macho. Ilikuwa imepita siku moja tu, na katika siku hiyo nilikuwa nimeiona nukta.

Nikatafuta pa kujificha, nikapata.

"Siwezi kuugusa wazi bila udhu," nikasema. "Lazima nitawadhe. Naombeni maji."

Nikampa Thuo aushike, ukiwa katika kitambaa chake. Hakuna aliyesogea. Watu walitazamana. Kisha Mzee Naftaly, ambaye shamba lake limepakana na kanisa, akavaa kofia, akatembea polepole hadi kisimani kwake, akarudi na jagi la bati limejaa.

Akaniinamia mwenyewe. Nikachutama, akanimiminia mikononi.

Watu walirudi nyuma kidogo kwa heshima ya dini isiyokuwa yao. Tulikuwa peke yetu, mimi na yeye na sauti ya maji.

"Jana ulikwenda kwa Gerishon," akasema chini chini, bila kutikisa midomo.

"Ndiyo, mzee."

Nikasukutua. Nikanawa uso.

"Basi umeona."

Nilinawa mkono wa kulia hadi kiwiko, kisha wa kushoto, na nilimwomba Mungu maji yale yasiishe.

"Waliniambia watamrudisha Nderitu," akasema. "Mtu mmoja tu, nitaje mtu mmoja, na mwanangu atarudi nyumbani. Nikavaa gunia. Hawakumrudisha."

Nilipaka maji kichwani.

"Thuo anajua?" nikanong'ona.

"Hajui. Wewe mtoto wa watu, usiape uongo kwa ajili yangu. Mimi nimeshachoka. Mungu ni yuleyule mmoja, kwenu na kwetu."

Akanimiminia miguuni, wa kulia, wa kushoto. Jagi likaisha. Akasimama pembeni akiwa amelishika kwa mikono miwili, kama mtu aliyemaliza kazi yake ya siku.

"Amekuwa safi sasa," akasema Rahab. Mtoto mgongoni alikuwa amelala. "Aape."

Thuo akasogea. Akafungua kitambaa cheupe kwa uangalifu, kona moja baada ya nyingine, kama alivyomwona haboba akifanya. Alikuwa anatabasamu. Wiki nzima sikuwa nimeyaona meno yake.

"Apa, Abdelkarim," akaniambia. "Apa twende nyumbani."

Nikaweka mkono juu ya msahafu. Maji ya kisima yalikuwa bado yanadondoka kwenye kiwiko changu.